Besi inavuma, noti hazisikiki: majibu kwa wapiga besi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wapiga gitaa la besi, na karibu zote zina kilio kimoja: nguvu ipo, uwazi haupo. Tumechagua tano.

Bendi yetu inapiga Ijumaa na Jumamosi kwenye ukumbi wa baa. Nikiwa jukwaani besi naisikia vizuri, lakini wateja wa meza za nyuma wanasema wanasikia mvumo tu. Nimeongeza nobu ya besi mpaka robo tatu, ndiyo kwanza imeharibika zaidi. Ninunue spika kubwa? — Mpiga besi, Morogoro

Usinunue kitu bado, ndugu yetu. Kwanza rudisha hiyo nobu katikati.

Uzi wako mnene wa E ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukumbi wenye upana wa mita 10 au 12 hauna nafasi ya kulimeza. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja. Yanapoungana sauti inavimba, yanapopingana inapotea, ndiyo maana meza moja inatikisika na jirani yake haipati kitu. Nobu ya besi inazidisha mvumo huo huo. Noti yenyewe sikio linaitambua kwa sauti zilizo juu ya ile ya msingi, yaani hezi 82, 123, 165 na kuendelea, pamoja na mguso wa kidole kwenye uzi, ambao unasikika zaidi kati ya hezi 700 na 1,000. Ukizifunika hizo, hata spika nne hazitakusaidia.

Wahi ukumbini kabla ya watu. Toa spika kwenye kona, maana ukuta mmoja nyuma ya spika huongeza uzito wa sauti na kona huongeza zaidi. Kama jukwaa ni la mbao na chini ni wazi, lenyewe limekuwa ngoma: weka kreti mbili za soda zilizokaa imara, juu yake kipande cha godoro gumu, kisha spika juu ya vyote. Utapata faida ya pili hapo. Spika iliyo sakafuni hukupiga magotini, masikio hayapati kitu, nawe unaendelea kuongeza sauti bila kujua inakoenda. Ikiinuka utapunguza mwenyewe.

Sasa weka ikwalaiza, yaani nobu za kurekebisha sauti za chini, za kati na za juu, yote katikati, tumia waya mrefu wa mita 10, shuka mpaka meza za nyuma huku unapiga pamoja na bendi nzima. Ukipiga peke yako utadanganyika, kwa sababu besi inayopendeza peke yake mara nyingi huzama gitaa za solo na ridhimu zikiingia. Kama kuna mvumo, punguza kidogo kwenye hezi 100 hadi 200. Kama noti hazitambuliki, ongeza kidogo kwenye 700 au 800. Waya huo mrefu uwe wa majaribio tu. Kwa gitaa lisilo na betri, kadiri waya unavyorefuka ndivyo sauti za juu zinavyopotea, hivyo kwenye onyesho mita 5 au 6 zinatosha.

Yaliyobaki ni ya fundi mitambo, nawe zungumza naye kwa heshima mapema, si wimbo wa kwanza ukishaanza. Mwombe afyeke sauti za chini ya hezi 80 au 100 kwenye vipaza sauti vyote vya waimbaji. Mikisa nyingi, yaani mashine za kuchanganya sauti, zina kitufe chake. Vipaza vinne vilivyo wazi jukwaani vinameza besi yako na kuitema upya kwenye spika kubwa ikiwa imechelewa na kuchafuka. Mkubaliane pia na mpiga dramu: kama dramu ya mguu imekaa hezi 60, besi ipunguzwe kidogo hapo na ipewe nafasi yake kuanzia 80. Wakigombania sehemu moja, hasikiki hata mmoja.

Amplifaya yangu imeandikwa wati 300, omu 4. Nina spika moja ya omu 8. Nimepata mbili za kuchagua, moja ya omu 8 na nyingine ya omu 4, bei sawa. Rafiki anasema ya omu 4 itatoa nguvu zaidi. — Msomaji, Mombasa

Chukua ya omu 8. Spika mbili zinazounganishwa sambamba, na matundu mawili ya nyuma ya amplifaya kwa kawaida yameungwa hivyo, hushusha upinzani, ambao ndio unaopimwa kwa omu: 8 na 8 zinakuwa 4, ambayo ndiyo mwisho wa amplifaya yako. 8 na 4 zinakuwa 2.67. Hapo amplifaya inalazimishwa kutoa umeme mwingi kuliko ilivyoundwa. Yenye kinga itajizima katikati ya wimbo, isiyo nayo itaunguza transista. Tena mgawanyo hauwi sawa: spika ya omu 4 ingebeba theluthi mbili za nguvu zote na nyingine ikabaki inasindikiza.

Usitegemee hesabu ya wati peke yake. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio huliona hilo kama ongezeko dogo. Utakachokisikia zaidi ni ile spika ya pili, hasa ukiipandisha juu ya ya kwanza badala ya kuziweka ubavu kwa ubavu.

Jambo moja tunaliona likifanywa ovyo: kuunga spika kwa waya wa gitaa. Waya ule una uzi mwembamba wa shaba uliozungukwa na kinga. Unapata joto, unapoteza nguvu, na ukiyeyuka ndani unaweza kugusanisha na kuua amplifaya. Nunua waya laini wa nyuzi mbili, milimita za mraba 1.5 au 2.5, kwa muuza vifaa vya umeme.

Bwana asifiwe. Napiga besi kwaya ya kanisani. Nikiunga boksi la DI, lile la kupeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa, mlio wa "mmmm" unaanza. Fundi ameniambia nikate waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya, na kweli ukikatwa mlio unaisha. — Dada wa kwaya, Dodoma

Asifiwe, dada. Tunakuomba sana, rudisha waya huo leo kabla hujagusa gitaa tena. Waya huo wa ethi, wa kijani na njano, ndio unaobeba umeme ukivuja ndani ya amplifaya. Ukiwa umekatwa, volti 230 zinaweza kupanda mpaka kwenye nyuzi za gitaa zikikusubiri. Midomo ikigusa kipaza sauti kilichoungwa kwenye mikisa yenye ethi, umeme unapita mkononi, kifuani, mpaka mdomoni. Wanamuziki wamekufa hivyo jukwaani.

Mlio wenyewe unatokana na njia mbili za ethi: amplifaya imechomekwa mbele, mikisa nyuma ya kanisa, na waya wa DI unaziunganisha kuwa duara. Umeme mdogo unazunguka humo kwa hezi 50, ndiyo maana mlio huo unakaribiana sana na noti ya G kwenye freti (kipande cha chuma cha shingoni) ya 3 ya uzi wa E. Boksi lako lina swichi iliyoandikwa LIFT, isukume. Inakata duara kwenye waya wa sauti tu, ethi ya amplifaya inabaki salama. Isiposaidia, vuta kebo ndefu ya umeme ili amplifaya na mikisa vitoke kwenye soketi moja.

Kama ukifunga sauti ya gitaa mlio unaisha, basi tatizo lipo upande wa gitaa. Geuka taratibu ukiwa umelivaa. Mlio ukibadilika, pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinanasa taa au chaja iliyo karibu. Gitaa la aina ya Jazz Bass linatulia ukifungua sauti za pikapu zote mbili kwa usawa.

Nyuzi zangu zinapoteza mng'aro ndani ya wiki tatu. Bei zinaniumiza. — Tanga

Jasho na hewa ya chumvi vinajaza mikunjo ya uzi. Futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu mara unapomaliza, kisha lifunge gitaa kwenye begi. Zikishafifia, zichemshe dakika 10 kwenye maji safi, zikaushe kabisa, zirudishe. Utapata maonyesho machache zaidi, lakini usirudie mara nyingi, maana uzi hudhoofika pale unapokunjwa kwenye ufunguo na utakatika hapo. Kwa rumba na taarabu, fikiria nyuzi zenye uso laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa: bei yake ni kubwa, mng'aro wake mdogo tangu mwanzo, ila hukaa miaka.

Nyingi kati ya hizo huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu zaidi, hivyo ukishazifunga kagua shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha tazama freti ya 7: uzi mwembamba wa gitaa la solo wa namba 012, ambao ni milimita 0.3, upite kwa kugusa tu. Nafasi ikizidi, kaza chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko, subiri mpaka kesho yake, pima tena.

Betri ya volti 9 ya gitaa langu inaisha kila wiki na sipigi sana. — Msomaji, Kisumu

Chomoa jeki kwenye gitaa ukimaliza. Jeki ikiwa ndani, saketi inaendelea kula betri hata kama amplifaya imezimwa.