Jibu: Mwekezaji anataka programu yangu ya dagaa iwe ya mikopo, nikubali?

Ndugu yangu wa Kibirizi, Kigoma, umesema ulianza ili mama anayeanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, ajue bei asipunjwe, na sasa mwenye pesa anataka ukopeshe.

Mimi niko hapa Ujiji na ndoano hiyo nimeshaimeza. Programu yetu ilikuwa daftari la wadeni kwa wenye maduka. Tukaambiwa tuweke matangazo, tukaweka. Siku moja mteja wangu wa kwanza, muuza mawese, akafungua simu mbele yangu: alifunga matangazo 3 kabla ya kufika kwenye jina la mdeni. Akacheka, akachomoa daftari la karatasi chini ya meza. Sikulala.

Si kila badiliko ni usaliti, lakini. M-Pesa ya Kenya ilijaribiwa kwanza kwa marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na 2007 ikazinduliwa hivyo. Walioshika usukani pale ni watumiaji. Kwako nani ameomba mkopo?

Halafu piga hesabu ya Ziwa Tanganyika. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, na 2024 uvuvi ulifungwa miezi 3 kuanzia Mei 15. Marejesho ya kila wiki yangetoka wapi? Ungekuwa unamdai mama yule yule.

Mwambie pesa yake iende kwa vijana wa kukusanya bei mialoni. Na kile kipengele cha mkataba cha nani ana kauli ya mwisho juu ya bidhaa, mpe wakili asome. Mimi nilisaini juu ya tangi la bodaboda.