Kabla hujaandika "inaoana na Linux"

Programu ya kwanza niliyokabidhiwa kuipima ilikuwa ya mahesabu, ya kulipia, na wateja walitaka kuiendesha kwenye Red Hat Enterprise Linux. Nilikaa nayo siku mbili nikibonyeza kila kitufe, nikaandika ripoti: inafanya kazi. Wiki iliyofuata mteja akapiga simu. Kwake haikuwaka kabisa.

Ilikuwa inadai GLIBC_2.34, yaani toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C inayotegemewa na programu nyingi za Linux. Sisi tuliijenga kwenye toleo la 9 la Red Hat, lenye glibc 2.34, seva ya mteja ilikuwa toleo la 8, lenye 2.28. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani kwa kawaida huwaka kwenye mpya, ila ya mpya haishuki. Kwa hiyo wewe unayeanza, uliza kwanza: toleo la chini kabisa tunalomwahidi mteja ni lipi? Hapo ndipo pa kujengea. Ukimaliza, endesha objdump -T uone programu inadai nini, usingoje mteja akuambie.

Mtego wa namna hiyohiyo upo kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Toleo la 9 limehamia OpenSSL 3, kwa hiyo programu inayotafuta libssl.so.1.1, faili la OpenSSL ya zamani, inabaki mikono mitupu kwenye usakinishaji wa kawaida. Mnaweza kuibeba maktaba hiyo ya zamani ndani ya kifurushi chenu, sawa, lakini tundu la usalama likigunduliwa, kuliziba ni juu yenu.

Sasa SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua programu gani iguse nini, ambao wengi huukimbia. Utakutana na miongozo ya usakinishaji inayoanza na setenforce 0, amri inayoifanya SELinux iache kuzuia. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika mmoja, na bado unanitia aibu. Kumwambia mteja azime ulinzi ili programu yako iishi ni kumwambia aache mlango wazi kwa sababu ufunguo umekushinda kuuchonga. Iache ikiwa enforcing, yaani ikizuia kweli, kisha soma ausearch -m AVC uone ilichokataza. Kosa langu la siku ile lilikuwa dogo mno: faili la programu lilihamishwa kwa mv kutoka /home, likabaki na lebo ya SELinux ya huko, systemd, inayowasha huduma, ikakatazwa kuliendesha. Amri moja ya restorecon ikarudisha lebo sahihi, basi. Na audit2allow, inayotunga ruhusa kutokana na yaliyokatazwa, ikikupendekezea ruhusa, zisome moja moja; usizimeze zote.

Kama programu yenu inakuja na moduli ya kerneli (kiini cha mfumo) yenye leseni ya kufungwa, angalia /proc/sys/kernel/tainted. Sifuri ni safi. Ikishabadilika, msidhani mafundi wa kerneli watalishughulikia tatizo lenu kabla hamjalionyesha bila moduli hiyo.

Pima kwenye mashine pepe iliyosakinishwa upya. Laputopu yangu ilikuwa imejaa vifurushi nilivyokwisha kuvisahau, navyo vilinificha mengi.

CentOS Linux 7, mfumo wa bure uliojengwa kutokana na Red Hat, ilipofika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024, tulianza kuulizwa juu ya AlmaLinux na Rocky Linux, mifumo ya namna hiyohiyo: "Si kitu kilekile?" Karibu sana, ndiyo. Lakini sitii sahihi jina la mfumo ambao sijaupima, hata meneja wa mauzo akinuna.

Siku hizi ripoti yangu ina jina la mfumo na toleo lake, matokeo ya uname -r (toleo la kerneli), toleo la glibc, hali ya SELinux, na mstari wa mwisho kabisa: namba ya simu ya aliye zamu usiku.