Kimberley na watoto: Shimo Kubwa linafaa safari ya kutoka Joburg?

Mkuu, umeuliza kama kuna maana yoyote ya kuwachukua watoto wa miaka 7 na 11, kuwaendesha karibu kilomita 480 kutoka Johannesburg mpaka Kimberley kwenda kutazama Shimo Kubwa, mgodi wa zamani wa almasi, wakati Gold Reef City ipo hapohapo mjini na ina bembea za kila aina. Na kuna jamaa kakwambia "Kimberley ni shimo tu, dakika kumi umemaliza."

Huyo jamaa hajasema uongo. Ukienda kutazama shimo peke yake, dakika kumi zinatosha na chenji inabaki. Nimekaa Gauteng, jimbo la Johannesburg, miaka kadhaa, wanangu nimewapeleka kote kuwili, na kila mgeni wa kutoka nyumbani akija lazima aniulize swali hilihili. Jibu langu siku zote ni nenda, ila nenda ukijua unachokifuata.

Gold Reef City imejengwa kwenye shimo namba 14 la uliokuwa mgodi wa Crown Mines. Pale unashuka chini ya ardhi kwelikweli, unaonyeshwa dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa, halafu mtoto akishaona bembea ndiyo basi, hadithi ya mgodi imeishia hapo. Ni siku nzuri ya kucheza. Kimberley ni kinyume chake: mchezo ni mdogo, hadithi ni nzito. Na usije ukawaahidi watoto kwamba watashuka mgodini, maana handaki la pale ni la kutengenezwa. Mnapita kwenye njia nyembamba yenye mwanga hafifu, mnasikia sauti za wachimbaji, kisha baruti inalipuka (sauti tu, lakini imepigwa vizuri). Wangu mkubwa alicheka, mdogo aligoma kwenda mbele mpaka nikambeba. Wa kwako wa miaka 7 mwandae mapema.

Sasa shimo lenyewe. Kuna jukwaa la chuma linalotokeza juu ya ukingo, unasimama hewani unatazama chini kwenye maji ya kijani. Upana wa mdomo ni kama mita 463, eneo lake hekta 17. Wachimbaji walifika mita 240 kwa sururu, koleo na baruti kabla ya kuhamia kwenye mashimo ya chini kwa chini, ambayo yalikwenda hadi mita 1,097. Baadaye sehemu ya shimo ikafukiwa na vifusi, maji yakaingia, kwa hiyo leo jicho lako linateremka kama mita 175 tu. Mgodi ulifungwa Agosti 1914. Tani milioni 22.5 za udongo na mawe zilitoka hapo, na almasi zilizopatikana zilikuwa kilo 2,720. Mpe huyo wa miaka 11 hesabu hiyo aifanye mwenyewe garini, atapata kama tani 8 za mawe kwa kila gramu moja ya almasi. Wangu alikataa kuamini, akarudia kwenye simu.

(Wenyeji watakwambia ndilo shimo kubwa kuliko yote duniani lililochimbwa kwa mikono. Watu wa Jagersfontein, mji mwingine wa almasi kule jimbo la Free State, wanabisha kwamba la kwao lina mdomo mpana zaidi. Waache wagombane.)

Ushauri wangu mkubwa, kama hutachukua kingine chochote humu: nenda jukwaani mara mbili. Mara ya kwanza mkifika, watoto wapige kelele zao, wapige picha zao. Kisha ingieni kwenye filamu na makumbusho, halafu rudini tena jukwaani. Mara ya pili mtakuwa mnaona kitu kingine kabisa, kwa sababu mtakuwa mmeshaziona picha za zamani.

Picha hizo ndizo roho ya sehemu ile. Mwaka 1871 hapo hapakuwa na shimo. Palikuwa na kilima, Colesberg Kopje, katika shamba lililokuwa la ndugu wawili wa ukoo wa De Beer. Almasi zilipoonekana, watu wakamiminika, na kilima kikagawanywa vitalu vya futi 31 kwa 31. Kila mtu akachimba cha kwake kwa kasi yake. Wewe umefika mita ishirini, jirani yako yuko mita tano, yule wa upande wa pili kaishiwa pesa kaacha. Barabara walizoacha katikati ya vitalu kwa ajili ya mikokoteni zikaanza kuporomoka, zikafukia watu. Ndipo wakafunga nyaya kutoka ukingoni hadi kwenye kila kitalu, ndoo zikawa zinapanda na kushuka juu ya hizo nyaya. Ukiitazama picha ya miaka hiyo, shimo zima limefunikwa na utando wa buibui. Waonyeshe watoto picha hiyo, halafu warudishe jukwaani uwaambie wachague kitalu chao pale hewani.

Kuna sehemu nyingine ya hadithi ambayo kwetu Watanzania inaingia haraka. Juu walikuta udongo wa njano, laini, wenye almasi. Chini yake wakagonga mwamba wa bluu, mgumu. Wengi wakadhani almasi zimekwisha, wakauza vitalu kwa bei ya kutupa. Kumbe huo wa bluu ndio mwamba mama, ule wa njano ni huohuo uliolainishwa na jua na mvua. Waliojua wakanunua. Mwamba wenyewe ndio huu wataalamu wanauita kimbaliti kwa jina la mji huo, na mgodi wetu wa almasi wa Mwadui ni kimbaliti pia, tena bomba la Mwadui, yaani nguzo ya mwamba huo inayoshuka ardhini, lina hekta 146 kwa juu. Nimewahi kumwambia hivyo mwongoza wageni mmoja pale, akaniomba nirudie tarakimu.

Mwamba wa bluu ulikuwa mgumu kiasi kwamba waliutandaza kwenye viwanja vikubwa ukapigwa na jua na mvua miezi kadhaa mpaka umomonyoke, ndipo uoshwe. Halafu ikaja meza ya grisi. Mwaka 1896 iligundulika kwamba ukipitisha mchanga na maji juu ya sahani iliyopakwa grisi, mawe mengine yanateleza na maji, almasi inanasa, kwa sababu almasi haishiki maji. Hapa ndipo watoto wanapoamka! Wa kwangu waliporudi nyumbani walimaliza mafuta ya kujipaka wakijaribu na kokoto za bustanini. Hawakupata kitu.

Chumba cha almasi msikipite mbio. Humo kuna almasi iitwayo Eureka, karati (kipimo cha uzito wa almasi) 21.25 ilipopatikana mwaka 1867 karibu na Hopetown. Aliyeiokota ni kijana wa miaka 15, Erasmus Jacobs, na watoto wa nyumba ile walikuwa wanaichezea pamoja na kokoto nyingine, mchezo wa aina ya mdako wetu. Jirani akaiona, akataka kuinunua, mama wa watoto akacheka: pesa ya nini kwa jiwe, chukua tu. Mtoto yeyote anayecheza mdako hiyo ataibeba mpaka ukubwani. Kuna pia ile ya karati 616, ya manjano, iliyopatikana mwaka 1974 katika mgodi wa Dutoitspan palepale Kimberley. Haijakatwa. Ukiiona unaweza kuidhania sukari guru.

Kuhusu Cecil Rhodes na Barney Barnato, matajiri wa almasi wa enzi hizo, utasikia mengi, wao ndio wamejaa ukutani. Kwa kifupi, wawili hawa walinunua na kumeza vitalu vya wengine mpaka mwaka 1888 ikazaliwa kampuni ya De Beers Consolidated Mines, na hundi ya kununua kampuni ya mgodi wa Shimo Kubwa mwaka uliofuata ilikuwa pauni 5,338,650. Ninachopenda kuwasimulia watoto ni kwamba Rhodes alipokuwa anaanza, kabla ya ukubwa wote huo, alikuwa na mashine za kukodisha za kuvuta maji mashimoni, na joto lilipozidi akawauzia wachimbaji barafu.

Lakini waliochimba ni nani? Hapo mkuu usiwaachie vioo vya makumbusho wafanye kazi yako. Waliotia sururu chini ni Waafrika, Wasotho, Wapedi, Watsonga na wengine waliotembea mamia ya kilomita kwa miguu, wengi wakitafuta fedha za kununua bunduki. Kuanzia mwaka 1885 walifungiwa kwenye kambi kwa muda wote wa mkataba. Kazini, kambini, kazini, kambini. Juu ya kambi palitandazwa wavu wa waya ili mtu asirushe almasi nje ya ukuta. Mkataba ukiisha, unawekwa kizuizini siku kadhaa, unapekuliwa mpaka tumboni, ndipo unaachiwa uende kwenu. Mzungu mwenye kitalu hakupitia hayo. Huyo wa miaka 11 yuko tayari kusikia, na atauliza maswali. Mdogo mwambie kuhusu wavu tu, inatosha. Kama mna nusu siku ya ziada, nyumba aliyoishi Sol Plaatje iko Angel Street katika mji huohuo, ni makumbusho sasa. Huyu alikuwa mhariri na mwandishi, na katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Baada ya ukuta mzima wa Rhodes, ni vizuri watoto waone na uso huo.

Mtaa wa zamani ulio pembeni ya shimo ni wa kupumzika. Nyumba za mabati, kanisa, kinyozi, baa, duka la dawa. Baadhi ni majengo halisi yaliyohamishwa, mengine yamejengwa kwa mfano wake. Watoto wanakimbia, wazazi wanakaa kivulini. Kuna na tramu ya zamani, ila haitembei kila siku, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujaitaja mbele ya watoto.

Safari: shika N12, Potchefstroom, Klerksdorp, Bloemhof, Christiana, Warrenton, Kimberley. Ni mwendo wa saa tano bila haraka, na kama umezoea kuendesha kwetu Tanzania huna la kujifunza, upande ni uleule wa kushoto. Lala usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku moja na watoto ni adhabu. Desemba na Januari jua la kule halina mzaha na jukwaani hakuna pa kujificha, kwa hiyo shimo liwe asubuhi, makumbusho mchana. Ukiwa unaingia mjini kutokea kaskazini, tupeni macho upande wa bwawa la Kamfers, mara nyingi heroe wamejaa mpaka maji yanakuwa ya waridi. Yule wa miaka 7 huenda akakumbuka hao kuliko almasi zote.

Kuhusu viingilio sikutajii, vinabadilika. Piga simu wiki moja kabla, uulize na saa za kuongozwa, maana ukikuta kundi limeshaondoka mtasubiri linalofuata.