Mbao zinazomeza joto: zitatufaa Dar?

Kaskazi ikianza, maswali kuhusu joto la ndani ya nyumba huja mfululizo. Safari hii mengi yanahusu mbao za dari na vifuko vya ukutani vinavyonadiwa kuwa vinameza joto.

Shikamoo mhandisi. Vitu hivi vinamezaje joto? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai unayakuta yameganda meupe, mpaka uyachokoe kwa kijiti. Jua likipanda yanarudi kuwa maji. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, na yakiwa yanayeyuka huvuta joto jingi bila yenyewe kupanda nyuzi. Ndani ya mbao hizo kuna nta ya parafini au chumvi yenye maji inayofanya hivyo hivyo. Kilo moja ya nta ikiyeyuka huvuta kilojuli 200 hivi. Kilo moja ya zege, kwa kila nyuzi inayopanda, haifikishi hata kilojuli moja.

Nimepanga chumba Tabata, juu bati tupu. Nikibandika, nitalala? (Msomaji)

Hapana ndugu yangu, na hela yako naionea uchungu. Kilichoyeyuka mchana lazima kigande usiku, la sivyo kesho yake hakina tena nafasi ya kupokea joto. Penye usiku wa baridi kazi hiyo hufanyika yenyewe. Hapa kwetu, usiku wa Februari hushuka hadi nyuzi 25 hivi tu, na chumba cha bati na blok hubaki juu ya hapo. Nta ya nyuzi 24 itakaa maji msimu mzima. Ya nyuzi 28 inaweza kuganda, ila kwa madirisha wazi na feni inayoingiza hewa ya nje usiku kucha.

Tena piga hesabu. Watu wawili waliolala kwa muda wa saa nane hutoa zaidi ya uniti moja ya joto (ni uniti ile ile ya umeme, sawa na kilojuli 3,600). Kulimeza kunataka nta kilo 20 hivi, na jua linalopiga bati mchana bado hatujaligusa. Fukuto nalo liko pale pale, kwa sababu nta haipunguzi unyevu.

Anza na dari, uache matundu ya hewa kati yake na bati. Mwombe mwenye nyumba bati lipakwe rangi nyeupe. Hewa ipite pande mbili. Hayo yakishafanyika ndipo tuzungumze nta.

Ofisi yetu ya Posta ina viyoyozi. Tutaokoa umeme? (Msomaji)

Inategemea nani anaigandisha nta. Ikigandishwa na kiyoyozi chenyewe, mzigo wa umeme mmeuhamishia saa nyingine tu. Hilo lina faida pale bili inapopanda kwa matumizi makubwa ya mchana. Ikigandishwa na hewa ya usiku, kilo 18 hubeba uniti moja ya joto. Lakini kiyoyozi cha kawaida huondoa chumbani uniti tatu hivi za joto kwa uniti moja ya umeme, kwa hiyo mnaokoa theluthi ya uniti kwa siku. Muulizeni muuzaji nyuzi za kuyeyuka na kilo kwa kila mita ya mraba. Akijibu kwa asilimia za kuokoa peke yake, msisaini.

Inashika moto? Inadumu? (Msomaji, Kigamboni)

Parafini inashika moto, hivyo dai cheti cha kipimo cha moto. Chumvi haiungui, ila hula chuma na huweza kujitenga na maji yake. Hilo ndilo lililoishinda nyumba ya Dover, Massachusetts, Marekani, iliyojengwa 1948 kwa kazi ya mwanasayansi Mária Telkes ili ipate joto la jua lililohifadhiwa kwenye chumvi: baada ya majira machache ya baridi, chumvi ilikataa kuyeyuka na kuganda sawasawa.

Nauza samaki Feri. Kuna cha kunifaa? (Msomaji)

Kipo, na unacho tayari. Barafu huvuta kilojuli 334 kwa kilo, kuishinda nta, na bei yake unaijua. Kilo 11 zinameza uniti nzima ya joto. Fedha yako iweke kwenye boksi lenye kuta nene na kifuniko kinachobana, barafu ikae juu na chini ya samaki, na maji yake yapate tundu la kutokea.