Injili ya Yohana: Fuata Watu, Usiokoteze Mistari

Mtu anayetaka kuimarika katika imani, au anayeiulizia kwa mara ya kwanza, mpe Injili ya Yohana. Mwandishi mwenyewe anasema wazi amekusudia nini: ishara hizi, yaani miujiza ya Yesu, "zimeandikwa ili mpate kuamini ya kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu" (20:31). Shida ni kwamba wengi wetu huisoma kwa kuokoteza, 3:16 leo, 14:6 kesho. Yohana hakuipanga hivyo. Yeye humchukua mtu mmoja, humpitisha hatua kwa hatua, na msomaji hujikuta anatembea naye.

Anza kwa kuisoma yote, sura 21, kwa sauti. Huchukua kama saa mbili. Jumuiya inaweza kugawa jioni mbili: sura ya 1 hadi 12, kisha 13 hadi 21. Msisimame njiani kufafanua.

Siku nyingine shika penseli, urudi sura ya 9. Pigia mstari kila mahali aliyezaliwa kipofu anapomtaja aliyemponya. Mstari wa 11 anasema "Mtu yule aitwaye Yesu". Wa 17, "Ni nabii". Wa 33, kama huyu asingetoka kwa Mungu asingeweza kutenda neno lolote. Wa 38, "Naamini, Bwana", akamsujudia. Sasa chukua rangi nyingine uwafuate Mafarisayo, kundi la dini la Kiyahudi lililoshika sana sheria: mstari wa 16 wamegawanyika, wa 24 wameshaamua kuwa Yesu ni mwenye dhambi, wa 34 wanamtoa yule mtu nje. Kipofu anazidi kuona, na wenye macho wanazidi kufumba. Tena angalia ni lini huyo aliyeponywa anapopanda ngazi ya imani: mara nyingi ni pale anapobanwa kwa maswali. Katikati wako wazazi wake (20–22), wanaojua fika kwamba mwana wao alizaliwa kipofu, lakini wanakwepa kwa hofu ya kutengwa na sinagogi. Msomaji yeyote ataipata nafasi yake humo.

Viongozi wengi wa vikundi hukosea hapa. Hutumia muda wote kwenye tope alilopakwa machoni na birika la Siloamu alikonawa, wakati uponyaji wenyewe una mistari 7 tu, na 34 iliyobaki ni mabishano juu ya nani aaminiwe. Ukiishia kwenye muujiza, hujaisoma sura.

Kisha soma 4:46–54. Diwani, yaani ofisa wa mfalme, anatoka Kapernaumu kuja Kana kumwombea mwanawe, naye anataka Yesu ashuke naye. Anapewa neno tu: "Enenda, mwanao yu hai." Analiamini, anashika njia bila ushahidi wowote mkononi. Watumwa wake wanamlaki wakiwa na habari njema, naye anauliza saa. Jana, saa saba, homa ilimwacha. Anapiga hesabu, inalingana na saa ile ile Yesu aliponena, na ndipo anapoamini yeye na nyumba yake yote. Kaa hapa mara mbili ya muda uliopanga, kwa sababu msomaji wa leo yuko mahali pa yule baba alipokuwa barabarani: ana neno, hajafika nyumbani.

Yohana pia anaonya. Katika 2:23–25 wengi wanaamini kwa kuona ishara, lakini Yesu hajiaminishi kwao, yaani hajikabidhi kwao. Msikomee hapo kwa sababu sura imekwisha. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne ya 13. Endeleeni moja kwa moja hadi 3:2, mtamwona Nikodemo, Farisayo na mkuu wa Wayahudi, akija usiku, naye anazungumzia ishara zile zile. Sura ya 6 inarudia onyo hilo kwa uchungu zaidi: watu kama elfu tano wanashiba mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na kabla sura haijaisha wengi wa wanafunzi wamerudi nyuma. Anayefundisha kwamba imani ni kupokea muujiza tu aisome sura hii yote, mistari 71, kabla ya kupanda tena mimbarini.

Mwishoni soma habari za Tomaso, mwanafunzi aliyekataa kuamini mpaka aone (20:24–29), pamoja na 20:30–31 bila kukata. "Wa heri wale wasioona, wakasadiki" inamgeukia moja kwa moja aliyeshika kitabu, na mistari miwili inayofuata inamweleza kwa nini kiliandikwa.

Kwa mgeni katika kikundi, msimlazimishe kukiri jioni hiyo hiyo. Mpeni Nikodemo amfuate: 3:1–2 anakuja usiku, 7:50–51 anamtetea Yesu kwa hoja ya sheria, 19:39 analeta manemane na uudi, yapata ratili mia (ratili ni kipimo cha uzito cha zamani), kwa maziko ya Yesu. Yohana hasemi popote kwamba Nikodemo aliamini. Mwulizeni mgeni anaonaje, kisha mnyamaze mumsikilize. Kiongozi asimjazie jibu.