Nina miaka 43, nikianza digrii sasa si nitachekwa?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, nina diploma ila GPA ni 2.7, watoto wanne na wa mwisho yuko darasa la tatu. Digrii naitamani toka zamani. Juzi nimemgusia mzee, mume wangu, kasema hiyo hela bora tuongeze mbolea kwenye viazi, na walimu wenzangu ndo wananicheka kabisa eti nitahitimu na kustaafu siku hiyohiyo. Nikaulizia chuo kimoja hapo mjini wakasema sina sifa. Niache tu? Na bodi ya mikopo je, inatoa kwa umri wangu?
Mama Wanne, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwalimu, ndaga fijo kwa barua.

Hao wanaocheka wanafundisha hesabu kweli? Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, una 17 mbele. Faundesheni, ile kozi ya maandalizi kabla ya digrii, mwaka mmoja, digrii mdogomdogo tuseme miaka minne, unamaliza na 48, bado 12 kazini.

Chuo hakijakuonea, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka GPA ya 3.0 kwa mwenye diploma. Ila kuna faundesheni ya Chuo Kikuu Huria, kile cha kusoma kwa masafa ukiwa kwako, hiyo imewekwa kwa watu wa aina yako hasa, ukitoka na 3.0 unaomba digrii kama wengine. Kuna pia RPL, ule mtihani wa kupima ujuzi ulioupata kazini, ila mimi ningekushauri faundesheni maana mtu uliyekaa miaka bila kusoma kitabu cha mtihani unahitaji kuzoea tena, RPL unaingia chumba cha mtihani mara moja na ndo hivyo. Na akikwambia mtu digrii ya Huria ni ya mchongo, mwambie chuo kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992.

Bodi ya mikopo sahau, masharti yao mwombaji asizidi miaka 35, usitupe hela ya fomu. Uzuri Huria unalipia kozi ulizosajili, kwa hiyo msimu viazi vimelala unasajili chache, vikiuzika unaongeza. Hapo ndo mpeleke mzee, usimtajie ada yote kwa mpigo atashtuka, mwonyeshe ya muhula mmoja tu, na umwambie na mshahara utakavyobadilika ukipanda daraja.

Sasa kinachonitisha mimi kwako ni ratiba. Watu wazima wengi ninaowajua walioacha njiani hawakufeli mtihani, Ijumaa msiba, Jumamosi kikoba na shamba, Jumapili ibada, unashtuka saa nne usiku asaimenti ya kesho hujaigusa, mvua ya Tukuyu nayo imeondoka na umeme, laptop ina chaji kidogo na unachapa kwa kidole kimoja unatafuta herufi ya R iko wapi. Kuchapa jifunze kabla hujasajili, mwanao mkubwa akurekebishe, usione aibu. Kusoma amka saa kumi alfajiri kabla nyumba haijaamka, usiku mama wa watoto wanne hana ubongo tena. Tarehe za mitihani zibandike ukutani kila mtu azione, na kikoba waambie mapema wiki hizo haupo, watanuna kidogo watazoea.

Ruhusa ya mwajiri usiichukulie poa. Andika barua kwa mkurugenzi kupitia mwalimu mkuu na nakala yenye muhuri ubaki nayo, kuna walimu wamesoma kimyakimya hata kwa masafa, wakija kudai kubadilishiwa cheo wanaulizwa ulisoma kwa kibali cha nani.

Kukaa na vijana wa miaka 20 hilo wala halikupi shida, kwa masafa mtakutana zaidi kwenye mitihani, na humo utakuta manesi, mapolisi na wazee kukuzidi.

Chukua cheti cha form four, cha diploma na cha kuzaliwa, likizo hii panda Coaster uende kituo cha Huria cha Mbeya ukaulize dirisha la maombi linafunguliwa lini. Kuulizia hawatozi, na mzee hana haja ya kujua mpaka urudi na majibu.