Ukuta wa bahari: niongeze unene wa zege au?

SWALI: Shikamoo injinia. Mi ni fundi huku Tanga, kuna mteja ana kiwanja ufukweni anataka nimjengee ukuta wa kuzuia bahari. Nimeangalia video za Japani 2011, makuta manene yamelala majini. Sasa kama ya wale yameanguka, mi niongeze unene kiasi gani? Na tetemeko nalo nilihesabu au niache?

JIBU: Marahaba fundi. Kabla hujamwambia mteja anunue simenti ya ziada nisikilize, maana mara nyingi ukuta wa bahari hauanguki kwa sababu zege limevunjika, unaanguka kwa sababu umeondokewa na kile kilicho chini yake au nyuma yake.

Tuanze na tetemeko. Ardhi ikitikisika, kifusi cha nyuma kinausukuma ukuta kuliko siku zote, na maji ya mbele nayo yanasukuma na kuvuta, ila kibaya zaidi ni mchanga uliolowa, ukitikiswa unageuka uji. Kobe kule Japani, Januari 1995, gati zilikuwa za makesoni, yaani masanduku makubwa ya zege, yamekaa juu ya mchanga uliomwagwa baada ya kuondoa udongo laini. Tetemeko likapita, makesoni yakasogea kuelekea baharini, mengine mpaka mita 5, yakadidimia na kuinama, na masanduku yenyewe mengi yakabaki mazima! Kreni zikatanuka miguu, maana reli yao moja ilikuwa juu ya kesoni lililohama na nyingine iko nyuma kwenye ardhi.

Sasa hizo video zako. Wengi wanadhani boma la kuvunja mawimbi la Kamaishi liliangushwa na tetemeko lenyewe, lile lenye ukubwa wa 9.0 la Machi 11, 2011. Hapana, boma lilikuwa limekamilika 2009, limesimama kwenye maji yenye kina mpaka mita 63, na mtikisiko lilihimili. Tsunami ndo ililimaliza. Maji yalipanda upande wa bahari, upande wa bandari yakawa bado yako chini, tofauti karibu mita 8, na kila mita 1 ya tofauti ni kama tani 1 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo hapo ni tani 8, na wakati huohuo ukuta umepungua uzito, maana zege la tani 2.4 kwa kyubiki mita likizama linabaki na kama tani 1.4 tu. Halafu maji yaliyoruka juu na yaliyopenya kwa kasi katikati ya makesoni yakachimba mawe ya kitako upande wa nyuma, makesoni yakakosa pa kukalia yakateleza. Hata hivyo wataalamu wa bandari wa kule walikadiria boma liliichelewesha tsunami kama dakika 6, na dakika 6 zinatosha mtu kukimbilia mlimani.

Kingine ambacho watu hawakitazami, sehemu za pwani ya Oshika hukohuko Japani zilididimia zaidi ya mita 1 kwa tetemeko hilo, yaani ukuta unapungua urefu kabla wimbi halijafika.

Kwa Tanga tetemeko lihesabu, lile la Agosti 2020 lilitokea baharini na Dar walilisikia, na tsunami ya Desemba 2004 ilifika mpaka Tanzania na ikaua watu. Ila adui wako wa kila mwaka ni bamvua ikikutana na upepo wa kusi. Chimba kitako kishuke chini ya pale mchanga unapohama, mbele yake panga mawe makubwa. Nyuma usijaze mchanga mtupu, weka kokoto, kitambaa cha kuchujia na matundu ya kutolea maji, maana maji yakipwa haraka na ya nyuma bado yako juu, yanausukuma ukuta kuelekea baharini. Sakafia pia nyuma pale juu, maji yanayoruka yasichimbe. Unene wa zege utapigiwa hesabu baada ya kupima udongo, na huo usiukisie kwa macho.

Na mwambie mteja aanzie NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, maana sheria ya mazingira ya 2004 inagusa ujenzi ndani ya mita 60 za ufukwe, na ukuta ukikaa vibaya mchanga wa jirani ndo utakaoliwa.